Kabla ya Kubonyeza Kitufe cha Kusakinisha



Safu ya wiki hii naiandika nikiwa mbali na upepo wa bahari. Nipo Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, nyumbani kwa dada yangu, ambaye mumewe ni fundi wa mitambo ya mvuke. Asubuhi za huku ni za kuvaa sweta ndani ya buibui. Ukifungua dirisha waona mawingu meupe yakipanda kutoka ardhini, na upepo ukigeukia upande wako wapata harufu kama ya yai lililooza. Watoto wa hapa hawaisikii tena.

Nilikuja kupumzika, nikakabidhiwa kesi. Binti wa kwanza wa dada yangu amemaliza kidato cha nne na anangojea nafasi ya chuo. Tangu Ramadhani amekuwa akimwomba babake laptopu ya zamani iliyolala kabatini, ili ajifunze kuandika programu za kompyuta. Babake amekuwa akikataa. Hakukataa kwa uchoyo, wala kwa kudhani kwamba elimu hiyo haimfai mtoto wa kike. Ndani ya laptopu hiyo mna rekodi 41 za darsa za marehemu babake, alizokuwa akizisomesha baina ya Maghribi na Isha katika msikiti mdogo wa mtaani kwao pwani. Mzee ametangulia mbele ya haki miaka sita iliyopita. Nakala nyingine hakuna, na simu iliyorekodi iliharibika zamani.

“Shemeji,” aliniambia siku ya pili baada ya chakula cha usiku, “wewe ndiwe unayeandika magazetini mambo ya kompyuta. Ukisimama naye, na ukinihakikishia kwamba sauti ya baba haitapotea, mchukueni. Kama huwezi kunihakikishia, mwambie mwanangu angoje nipate pesa za mashine mpya.”

Mashine mpya, kwa hesabu za nyumba yenye watoto watano wa shule, si ya mwaka huu. Nikaikubali amana hiyo, na usiku ule sikulala vizuri.

Pengine msomaji atauliza, programu za kompyuta na moshi wa Olkaria vinahusianaje? Vinahusiana sana. Kisima cha mvuke huteremka kilomita mbili, hata tatu, na hakuna mwanadamu awezaye kushuka humo akatazama. Wataalamu hupima joto na shinikizo, kisha huitazama ardhi kwa hesabu ndefu zinazofanywa na kompyuta. Hapa Olkaria visima viwili vya kwanza vya majaribio vilianza kuchimbwa 1956, na mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukawashwa 1981. Katika miaka hiyo ya 1980 wanasayansi wa maabara ya Lawrence Berkeley kule California, wakiwa pamoja na wenzao wa Iceland na wa Kenya, walitunga kielelezo cha kompyuta cha eneo la Olkaria Mashariki, wakakilinganisha na yaliyotokea visimani kweli. Kazi yao ilichapishwa 1987. Leo iko programu huria iitwayo Waiwera, iliyotungwa na Chuo Kikuu cha Auckland na taasisi ya GNS Science ya New Zealand, ambayo kazi yake ni kuhesabu mwendo wa maji na mvuke chini ya ardhi, nayo hutumika kwenye Linux. Binti yetu amesikia habari hizo kwa babake tangu utotoni. Alichokitaka ni kuufikia mlango wa nyumba ambayo ameiona kwa nje maisha yake yote.

Basi tukaanza, na hatua ya kwanza haikuwa ya Linux kamwe. Ilikuwa ya kunakili.

Shemeji alikuwa na flashi iliyonunuliwa barabarani, imeandikwa ubavuni gigabaiti 64. Tukanakili humo kila kilichokuwamo katika laptopu: picha, video za arusi na za Idi, na mwisho rekodi za babu. Jumla gigabaiti 19. Kazi ilipokwisha nikafungua folda, nikahesabu majina ya faili, yakawa 41. Ukubwa wake nao ni ule ule. Nakiri mbele yenu: mimi nilitaka kuendelea. Nilisema, “Yatosha, mwanangu, tushaziweka.”

Binti akasema, “Khalati, hebu tuzisikilize kwanza.”

Ya kwanza haikutoa sauti. Ya pili vivyo hivyo. Tukafungua ya kumi, ya ishirini, ya mwisho. Majina yalikuwapo, ndani mlikuwa mtupu. Mikono yangu ilipoa, ingawa rekodi za asili zilikuwa bado salama katika laptopu na hatukuwa tumefuta lolote. Nilikuwa nikiwaza dakika ishirini za mbele, lau tungalikuwa tumekwisha futa.

Flashi za namna hii zimejaa masokoni. Ndani yake mna nafasi ndogo, lakini zimetiwa maelezo ya uongo yanayoiambia kompyuta kwamba nafasi ni kubwa. Kompyuta huamini, huendelea kuandika, na kinachozidi nafasi ya kweli hupotea, huku jina la faili likibaki kama kaburi lenye kibao na lisilo na maiti. Katika Linux iko programu ndogo iitwayo F3, ambayo huijaza flashi yote kisha huisoma tena ili kuupata ukweli. Niliijaribu kwenye mashine yangu: flashi ya gigabaiti 64 ilikuwa na kama 8 tu. Picha za arusi zilitangulia zikapata mahali; babu, aliyekuja mwisho, hakupata.

Tulimweleza shemeji jioni ile ile. Nilidhani atafunga shauri. Alinyamaza kitambo, akamtazama bintiye, akauliza ni nani aliyetaka kusikiliza. Kesho yake alipotoka zamu alikwenda Naivasha mjini akarudi na diski ya nje kutoka duka linalotoa risiti. Tukanakili upya. Safari hii binti alisikiliza mwanzo, katikati na mwisho wa kila rekodi, akitia alama daftarini. Kazi hiyo ilimaliza alasiri nzima. Kisha rekodi zile tukazinakili mara ya pili kwenye mashine yangu mwenyewe.

Hapo ndipo tulipoweza kuzungumza juu ya Linux.

Laptopu yenyewe ina kumbukumbu ya gigabaiti 4, betri yake imekufa, na Windows iliyokuwamo iliwekwa na fundi fulani bila leseni. Jambo hili la mwisho twalipitia kwa wepesi mno majumbani mwetu. Twawakataza wanetu kuokota embe la jirani lililoanguka uani kwetu, kisha twamlipa mtu shilingi mia tano atutilie programu ya wizi. Hata mwenye Windows 10 ya halali, Microsoft ilikoma kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazina nguvu za kuchukua iliyofuata.

Linux haina dhiki hiyo. Kiini chake kilianza kuandikwa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi Helsinki, na leseni yake yaruhusu kila mtu kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kumpa mwenzake. Zipo aina nyingi zilizojengwa juu ya kiini hicho. Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ina jina ambalo Mswahili halihitaji kutafsiriwa: ni utu wetu huu huu. Nasi Waswahili tulikuwamo katika harakati hizo mapema, kwani mwaka huo huo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Kwa laptopu ya shemeji nilichagua Linux Mint ya sura iitwayo Xfce, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu lakini ni nyepesi. Gigabaiti 4 zinaitosha.

Faili ya kusakinishia hukaribia gigabaiti 3, na bando ni pesa. Tuliipakua usiku kwenye mashine yangu, mtandao ukakatika tukiwa zaidi ya nusu. Usikate tamaa hapo. Amri iitwayo wget, ukiipa alama ya -c, huendelea pale ilipoachia badala ya kuanza upya. Ilipokamilika, binti mwenyewe akauliza, “Nayo hii tutajuaje kama ni nzima?” Niliona flashi ile imekwisha mfundisha.

Waundaji wa Linux Mint huchapisha, pamoja na faili yao, mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Huo ni kama muhuri wa faili. Mashine yako huweza kuukokotoa tena kutokana na faili uliyoipakua, kwa amri hii:

sha256sum linuxmint.iso

(Badala ya linuxmint.iso andika jina la faili yako lilivyo.) Yakilingana yote 64, faili yako ni ile ile waliyoitoa wao. Ikibadilika hata chembe moja ndani ya gigabaiti 3, muhuri wote hugeuka usitambulike. Binti alisoma kwa sauti, mimi nikafuata kwa kidole. Ikalingana.

Tuliiandika kwenye flashi nyingine, ndogo lakini ya kweli, kwa chombo cha Mint chenyewe. Walio na Windows hutumia Rufus au balenaEtcher. Jueni kwamba kuiandika hufuta vyote vilivyokuwa katika flashi. Kisha laptopu huzimwa, flashi huchomekwa, na inapowashwa hubonyezwa kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP ni Esc au F9.

Mint huamka kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski. Msipapie kitufe cha kusakinisha. Kaeni humo nusu saa. Je, sauti yatoka? Waifai yashika? Kibodi yaandika kila herufi? Kama kuna kilichokataa, ni heri ukijue wakati bado hujafuta chochote.

Kilichofuata ndicho kilichonitia hofu kuliko vyote, nacho ni waya wa umeme. Mashine isiyo na betri, ikikatika umeme katikati ya kugawanya diski, huachwa haina mfumo wa zamani wala mpya. Dada yangu akalitatua kwa hekima ya jikoni: aliufunga waya kwenye mguu wa meza kwa leso kuukuu, akawatoa wadogo wote nje na bakuli la mahamri, akakaa mlangoni. Binti akafikia ukurasa unaouliza kama diski ifutwe yote au Linux iwekwe kando ya Windows. Akageuka akamtazama babake, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na kikombe cha chai.

“Diski ya nje iko wapi?” akauliza.

“Kabatini, baba. Na nyingine kwa Khalati.”

“Bismillahi,” akasema.

Haikufika hata dakika arubaini.

Kwa aliyezoea kubofya picha, terminali huonekana kama chumba cha giza, lakini ndiyo njia fupi. Amri mbili zilitosha kuleta vyombo vya kazi:

sudo apt update
sudo apt install build-essential git python3-venv python3-doc thonny

Neno sudo humaanisha kwamba unafanya jambo kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, kwa hiyo utaulizwa neno la siri. Unapoliandika, herufi zenyewe hazionekani. Binti aliliandika mara tatu. Build-essential ni zana za kugeuza maandishi ya lugha kama C kuwa programu. Git hutunza historia ya kazi yako, ili ukiharibu leo uweze kurudi jana. Thonny ni kihariri kilichotungwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza lugha ya Python. Na kile python3-doc nakipenda kuliko vyote, kwani huleta kitabu kizima cha maelezo ya Python ndani ya mashine, usome bila bando na bila kupotea mtandaoni. Mama mwenye wasiwasi juu ya intaneti alijue hilo. Meza ya binti yetu, isitoshe, iko sebuleni.

Programu yake ya kwanza ilikuwa mistari miwili. Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulifikia vitengo vitatu vya megawati 15 kila kimoja kabla ya mwaka 1985 kwisha; akataka kujua kwa siku nzima ni kiasi gani:

vitengo = [15, 15, 15]
print(sum(vitengo) * 24)

Ikajibu 1080, yaani megawati-saa 1,080 vyote vikifanya kazi mchana na usiku. Babake aliihakiki kichwani, akatikisa kichwa kukubali.

Mkwamo ulikuja kesho yake, nami nilikuwa sokoni. Nilimkuta amejifunika mtandio hadi machoni. Alikuwa ametaka kuongeza maktaba za kuchora grafu kwa amri ya pip, mashine ikamrushia maandishi mengi yanayoanza na maneno externally-managed-environment. Aliamini ameivunja laptopu ya babake siku moja tu baada ya kukabidhiwa.

Hakuwa ameivunja. Mashine ilikuwa ikijilinda. Mfumo wenyewe wa Linux hutumia Python kwa kazi zake za ndani, na ukiingiza vitu vyako humo waweza kuvuruga vya wenyewe. Ni kama mgeni aliyepewa jikoni: apike, lakini asitie chumvi katika chungu cha mwenyeji. Dawa imeandikwa katika maandishi yale yale yaliyomtisha, kwa anayeyasoma hadi mwisho: jijengee chumba chako.

python3 -m venv ~/chumba
source ~/chumba/bin/activate
pip install numpy matplotlib

Mstari wa kwanza hujenga, wa pili huingia ndani, wa tatu huleta vyombo visivyotoka nje ya chumba hicho. Ukikiharibu, wakifuta chote na kujenga kingine, na nyumba haina habari. Kisha katika Thonny huchaguliwa Python ya chumba hicho badala ya ile ya mfumo. Kila anayejifunza siku hizi kwenye Mint, Ubuntu au Debian mpya hukwama hapo, na wengi hufuata ushauri wa mitaani wa kulazimisha amri ipite. Usilazimishe.

Siku mbili kabla ya safari yangu, rekodi za babu zilirudishwa katika laptopu. Shemeji akauliza swali ambalo sikulitarajia kwa mtu wa spana: atajuaje, leo na mwakani, kwamba za kwenye laptopu na za kwenye diski ya nje bado ni zile zile, bila kuzisikiliza saa arubaini?

Binti aliomba apewe usiku mmoja. Aliandika programu ya mistari kumi na tano hivi, inayopita folda zote mbili, ikakokotoa kwa kila rekodi ule muhuri wa herufi 64 na kuandika jina la yoyote iliyohitilafiana. Aliijaribu mbele yetu baada ya swala ya Alasiri. Ilinguruma kidogo, ikanyamaza bila kuandika neno.

“Haijasema kitu,” babake akasema.

“Ndiyo, baba. Yasema tu kama kuna tofauti.”

“Na mimi nitajuaje kwamba imetazama kweli?”

Binti hakukasirika. Alitengeneza folda ya majaribio, akaweka humo nakala ya rekodi zote, akaikata moja sekunde chache mwishoni, akaendesha programu tena. Skrini ikaandika jina moja: darsa-17. Alikuwa ameikata hiyo hasa.

Shemeji akavuta kiti akakaa. Akamwambia afungue ya 41, ile ya wiki ya mwisho. Kwanza tulisikia feni ya msikiti, kisha mtoto akilia safu za nyuma, kisha mzee akakohoa akatoa salamu, na sote sebuleni tukaitikia.